Wasaidizi wa tibakazi wafunzwe, lakini si kwa njia ya mkato

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, vijana waliofaulu katika masomo ya sayansi huulizwa swali lile lile: je, watasomea udaktari, uuguzi au uhandisi? Ni nadra sana kumsikia mzazi au mwalimu akimtajia mwanafunzi taaluma ya tibakazi. Na ni nadra zaidi kumsikia mtu akiuliza ni nani atakayemsaidia mtaalamu wa tibakazi kuitimiza kazi yake. Naona wakati umewadia wa kuliuliza swali hilo la pili waziwazi, na kulijibu kwa uangalifu, maana jibu la pupa laweza kutuletea hasara kuliko kimya.

Kwanza, tibakazi ni nini? Jina lenyewe huwapotosha wengi. Wapo wadhanio kwamba ni idara ya kuwatafutia wagonjwa ajira, na wapo waichanganyao na tiba ya viungo. Tiba ya viungo hushughulikia hasa nguvu na mwendo wa misuli na maungo. Tibakazi huanza na swali jingine: mtu huyu anataka kufanya nini, na ni kipi kinachomzuia? Neno kazi hapa lina maana pana. Kuvaa shati ni kazi. Kula kwa mkono wako mwenyewe, kuoga, kuandika daftarini, kucheza na wenzako na kuuza mboga sokoni, yote hayo ni kazi. Mzee aliyepooza upande mmoja, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana atokaye katika wodi ya maradhi ya akili na fundi aliyekatika vidole, wote hao huhitaji huduma ya mtaalamu huyu.

Taaluma hii si changa. Chama cha kwanza cha watetezi wake nchini Marekani kiliundwa Machi 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, na Vita Vikuu vya Kwanza vikaudhihirisha umuhimu wake, askari majeruhi waliporudi makwao wakihitaji kuyaanza maisha upya. Nchini Uingereza, daktari Elizabeth Casson alifungua shule ya kwanza ya fani hii mjini Bristol mwaka 1930. Hapa Kenya mafunzo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika chuo ambacho leo twakijua kama KMTC, na stashahada yake huchukua miaka mitatu.

Wamarekani walianza kuwafunza wasaidizi mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoona kwamba wataalamu hawatoshi, hasa katika hospitali za maradhi ya akili. Utaratibu wao hadi leo ni kwamba msaidizi husoma chuoni kwa takriban miaka miwili, hufanya mazoezi ya kazini ya kutwa nzima kwa wiki zisizopungua 16, kisha hukalia mtihani wa kitaifa na kuomba leseni ya jimbo. Akishafuzu, mipaka yake ni bayana. Mtaalamu ndiye ampimaye mgonjwa na kuipanga tiba. Msaidizi huitekeleza tiba hiyo siku baada ya siku, huandika maendeleo, na humjulisha msimamizi wake mambo yabadilikapo. Afrika Kusini nayo imekuwa ikiwaandikisha wasaidizi wa tibakazi chini ya baraza lake la taaluma za afya.

Je, sisi tunawahitaji? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Hao ni wale waliohesabiwa tu, na watoto wachanga zaidi hawamo. Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtaalamu mmoja katika hospitali ya kaunti ana saa 40 za kazi kwa juma, na kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo ahitaji vipindi viwili vya nusu saa. Hata asipoandika ripoti, asipozuru wodi wala asipokunywa chai, hawezi kuwahudumia watoto zaidi ya 40. Waliopooza kwa shinikizo la damu watahudumiwa lini? Na majeruhi wa ajali za bodaboda je? Ndipo mama aliyembeba mwanawe mgongoni kutoka mbali aambiwapo arudi baada ya mwezi. Misuli inayokaza haingojei tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kuanzishwa kwa mafunzo rasmi ya wasaidizi. Hata hivyo, msaidizi asiyefunzwa vilivyo ni hatari kwa mgonjwa. Anaweza kumwinua mtu vibaya akamtegua bega, au kumfunga gango linalobana hadi ngozi ikachubuka. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na huduma yao nyumbani kwa watu ni ya manufaa. Lakini asije mtu akadai kwamba semina ya siku chache yatosha kumfanya mhudumu wa namna hiyo kuwa msaidizi wa tibakazi. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Mtaala wake uwe na nini basi? Yapo masomo ambayo hayana mjadala: muundo wa mwili na utendaji wake, saikolojia, ukuaji wa mtoto, maradhi ya akili, maadili ya kazi, utunzaji wa kumbukumbu, na namna ya kumwinua na kumhamisha mgonjwa pasipo kumdhuru wala kujidhuru. Lakini kiini cha somo hili ni uchanganuzi wa shughuli, nao haupatikani kwa kukariri. Chukua mfano wa kusonga ugali. Kwa mpishi mzima ni jambo jepesi. Mwanafunzi wa tibakazi hana budi kulivunja vipande vipande: kusimama imara, mkono mmoja kushika sufuria na wa pili kugandamiza mwiko, bega na kiwiko kusukuma, ngozi kuhisi moto, macho na akili kupima kama unga umeiva. Mama aliyepooza mkono wa kushoto ameshindwa katika hatua ipi? Ikiwa ni kushika sufuria tu, basi fremu ya mbao au chuma yenye kuizuia sufuria isizunguke yaweza kumrudisha jikoni mwake, na kumrudishia heshima yake nyumbani.

Mfano huo waonyesha pia kwamba mtaala haufai kunakiliwa neno kwa neno kutoka ng'ambo. Mwanafunzi wetu afunzwe kumwoga mgonjwa kwa karai pamoja na bafu la hospitali. Ajue kuinenepesha kalamu kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mtoto aweze kuishika. Ajifunze kutengeneza kiti cha mtoto kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, ufundi ambao umetumika kwa miaka mingi katika nchi kadhaa za Afrika. Kadhalika, ajifunze kuzungumza na nyanya ya mtoto kwa adabu na kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa huyo ndiye atakayeyaendeleza mazoezi baada ya msaidizi kuondoka.

Nakiri kwamba wapo wenye pingamizi, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza husema kuwa wasaidizi watageuzwa kuwa wataalamu wa bei nafuu. Hofu hiyo ina msingi. Huko Marekani kwenyewe, tangu Januari 2022 bima ya serikali ya wazee hulipia huduma ya msaidizi kwa asilimia 85 ya malipo ya kawaida. Penye ngazi mbili za watumishi, fedha hazikosi kuingia katika maamuzi. Wa pili huuliza: kuna vijana wenye stashahada ya tibakazi ambao bado wanatafuta ajira, itakuwaje tuwaongezee washindani?

Hoja hii ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, na jibu langu ni hili. Msaidizi bila msimamizi si msaidizi. Kwa hiyo kaunti isiyokuwa na mtaalamu wa tibakazi isiruhusiwe kuajiri msaidizi hata mmoja. Ianze kwa kumwajiri mtaalamu, ndipo impe wasaidizi wa kumwongezea mikono. Ikifanyika hivyo, mafunzo ya wasaidizi yatakuwa sababu ya kuwaajiri wenye stashahada. Lakini tukianza na wasaidizi kwa kuwa mishahara yao ni midogo, tutakuwa tumewanyima vijana wetu kazi na kuwanyima wagonjwa tiba kwa wakati mmoja. Sharti sheria iitamke mipaka hiyo, na pawe na daftari la kuwaandikisha wasaidizi, ili mwananchi aweze kujua ni nani amgusaye mwanawe.

Jambo jingine ni ngazi ya kupandia. Kazi isiyokuwa na mbele huwakatisha vijana tamaa. Mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, ulikusudiwa kumwezesha mtu kupanda kutoka cheti hadi stashahada na hata shahada. Msaidizi aliyehudumu vyema kwa miaka kadhaa asilazimishwe kurudi mwanzo kama mtu asiyejua lolote. Masomo aliyoyapita na ujuzi alioupata wodini vihesabiwe.

Walimu nao wana sehemu yao katika jambo hili. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu yahimiza watoto hao wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Ni sera njema, lakini humwacha mwalimu na darasa lililojaa pomoni na mtoto asiyeweza kukaa wima kwenye dawati. Mara nyingi mtoto mwenye mwandiko mbaya huitwa mzembe, kumbe vidole vyake havina nguvu ya kuishika kalamu. Vituo vya kuwatathmini watoto vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa ajili ya mambo kama haya, na mwalimu amwonaye mtoto wa namna hiyo ana wajibu wa kumpeleka huko kabla ya kumwadhibu. Msaidizi wa tibakazi angeweza kuzizuru shule za eneo lake kwa zamu, akarekebisha dawati, akamwonyesha mwalimu namna ya kumkalisha mtoto, na kumpelekea mtaalamu taarifa.

Na kwenu wanafunzi: mnapochagua masomo na mikondo ya kufuata, msiidharau kazi hii kwa kuwa haina sifa mitaani. Yahitaji kichwa cha kuielewa biolojia, mikono ya kuchonga na kushona, na subira ya kumngoja mtu afunge kifungo kimoja cha shati kwa dakika kumi bila kumfungia. Kama mnazo sifa hizo, waulizeni walimu wenu habari za chuo na masharti ya kujiunga. Walimu wasipokuwa na jibu, walitafute. Nao viongozi wa kaunti waanze na daftari za hospitali zao: wahesabu ni watoto wangapi walioambiwa warudi baada ya mwezi, na ni wangapi kati yao ambao hawakurudi tena.