Kazi ya Sentensi na Kanuni za Kukariri: Dhidi ya Ufundishaji wa Ufahamu Usiosomesha

Utangulizi

Mitihani ya kupima usomaji ina swali moja ambalo kwa juujuu huonekana jepesi mno: sentensi fulani ina kazi gani katika kifungu? Mtahiniwa haulizwi sentensi hiyo inasema nini, bali inafanya nini. Katika mtihani wa SAT wa Marekani, ambao tangu mwaka wa 2023 nje ya nchi hiyo na mwaka wa 2024 ndani yake hufanywa kwa kompyuta, swali hili huulizwa waziwazi. Mtahiniwa hupewa kifungu cha maneno kati ya 25 na 150, sentensi moja ikapigwa mstari, naye akatakiwa achague katika majibu manne lile linaloeleza vyema kazi ya sentensi hiyo katika kifungu kizima.

Nchini Kenya swali lilo hilo huja kwa sura nyingine. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ufahamu hutengewa alama 15 na ufupisho alama 15 kati ya 80. Hapana anayeweza kufupisha kifungu bila kujua ni sentensi ipi inayobeba hoja na ni ipi inayoitolea mfano tu. Ufupisho, kwa hiyo, ni mtihani wa kazi za sentensi ingawa hauitwi hivyo. Katika karatasi ya tatu, ile ya fasihi, mtahiniwa huletewa dondoo na kutakiwa aliweke katika muktadha wake. Hapo tena anaulizwa, angalau kwa nia, maneno hayo yanafanya kazi gani pale yalipo.

Makala haya yanapinga msimamo uliokita mizizi katika miongozo na katika madarasa mengi, kwamba maswali ya namna hii yana siri, na kwamba siri hiyo inaweza kukaririwa pasipo kusoma. Hoja inayotetewa ni kuwa mbinu hugawika katika aina mbili: zile zinazomrudisha mwanafunzi kwenye matini na zile zinazomwepusha nayo. Aina hii ya pili ndiyo inayofundishwa kwa bidii zaidi, nayo madhara yake hayaishii katika chumba cha mtihani.

Chimbuko la tatizo

Mwaka wa 1915, Frederick J. Kelly alitoa huko Kansas mtihani wa kusoma kimya ambao aghalabu hutajwa kuwa miongoni mwa mitihani ya kwanza ya kuchagua jibu. Haja yake ilieleweka: walimu walikuwa wakiikadiria kazi ile ile kwa viwango tofauti, na palihitajika maswali yenye jibu moja lisilobishaniwa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1917, Edward Thorndike alichapisha uchunguzi wa makosa ambayo wanafunzi hufanya wanapoelewa aya. Matokeo yake yalielekea upande mwingine. Thorndike alionyesha kwamba kuelewa aya kunafanana na kutatua swali la hisabati: msomaji sharti achague vipengele vinavyofaa, avihusishe ipasavyo, na kila kimoja akipe uzito kinachostahili.

Mitihani ya leo imewarithi wote wawili, ila ufundishaji umemchukua Kelly na kumwacha Thorndike. Umechukua imani kwamba jibu ni moja na kusahau kwamba jibu hilo hupatikana kwa kupima uhusiano. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka wa 1985 hadi mwaka wa 2023, ulikuwa na maswali 50 ya Kiswahili ya kuchagua jibu, 20 kati yake yakitokana na vifungu viwili vya ufahamu. Mwanafunzi aliyelelewa katika utaratibu huo alifika shule ya upili akiamini kuwa kifungu ni ghala la majibu, na kwamba kazi ya msomaji ni kuingia haraka, kuchukua anachotaka na kutoka.

Kanuni tatu na udhaifu wake

Kanuni ya kwanza inayofundishwa ni ya viunganishi: penye "lakini" pana upinzani, penye "kwa mfano" pana ufafanuzi, penye "hivyo basi" pana hitimisho. Ya pili ni ya nafasi: sentensi ya kwanza ni wazo kuu na ya mwisho ni hitimisho. Ya tatu ni ya kuruka: mwanafunzi asome maswali kwanza, kisha aurukie mstari unaohusika bila kupoteza wakati kwingineko.

Chukuliwe kifungu kifuatacho, kilichotungwa kwa ajili ya hoja hii:

"Kisima cha Mzee Kombo kilichimbwa kabla ya barabara kufika kijijini. Wanawake waliteka maji humo alfajiri, nao wapita njia hawakunyimwa. Bomba la serikali lilipoletwa, watu walisema kisima kimekwisha kazi yake. Mzee Kombo aliendelea kukifunika kila jioni kwa ubao ule ule. Mwaka wa tatu bomba lilikauka, na foleni ya ndoo ikarudi mlangoni pake."

Swali ni kazi ya sentensi ya nne. Majibu yawe manne: (a) inaonyesha kuwa Mzee Kombo alikifunika kisima kila siku, (b) inahitimisha maelezo kuhusu manufaa ya kisima, (c) inaupinga kimya kimya uamuzi wa watu na kulitayarisha tukio la mwisho, (d) inaeleza sababu ya bomba kukauka.

Aliyefunzwa kanuni ya viunganishi hataona kitu, kwa kuwa sentensi hiyo haina kiunganishi chochote. Aliyefunzwa kanuni ya nafasi hana la kusema juu ya sentensi iliyo katikati. Aliyefunzwa kuruka ataisoma sentensi hiyo peke yake na kulichagua jibu (a), ambalo ni kweli tupu. Hapo ndipo penye mtego. Jibu (a) linarudia yanayosemwa na sentensi, halitaji inachofanya. Jibu sahihi ni (c), na haliwezi kuonekana na yeyote ambaye hakuisoma sentensi ya tatu kabla yake na ya tano baada yake.

Msomaji makini angefanya majaribio mawili. La kwanza ni kuiondoa sentensi. Ikiondolewa, foleni inarudi kwenye kisima ambacho kwa miaka mitatu hakuna ajuaye kimekuwaje: yamkini kimejaa takataka, yamkini kimefukiwa. Marejeo ya watu yanakuwa bahati tu. La pili ni kuihamisha. Ikiwekwa baada ya sentensi ya pili, kukifunika kisima kunakuwa desturi ya mwenye nyumba nadhifu na hakuna anayepingwa. Maneno hayajabadilika hata moja, ila kazi yamebadilisha. Kazi ya sentensi, basi, haikai ndani ya sentensi. Inakaa katika uhusiano wake na jirani zake.

Kanuni ya viunganishi ina kasoro nyingine ambayo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuitambua. Lugha hii haitegemei viunganishi pekee kuonyesha uhusiano wa kauli. Kiambishi -ka- katika "ikarudi" kinabeba mfuatano na matokeo. -Po- katika "lilipoletwa" kinaweka wakati ambao mara nyingi huelekea kuwa sababu. "Ndi-" huteua na kwa kuteua hukanusha vingine. -Ngali- huleta jambo na papo hapo kusema halikutukia. Mwanafunzi anayewinda "lakini" na "hata hivyo" anakisoma Kiswahili kwa miwani iliyokatiwa lugha nyingine. Tena kuna sentensi zinazofungua kwa "ni kweli kwamba" au "hapana shaka", ambazo kanuni huzihesabu kuwa za kuunga mkono, ilhali mara nyingi mwandishi anakubali kidogo ili apinge zaidi katika sentensi inayofuata.

Dondoo na alama nne

Katika fasihi, kukariri kumepewa umbo rasmi zaidi. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaijua fomula ya muktadha wa dondoo: msemaji, msemewa, mahali, na sababu, pointi nne, alama nne. Ni dhahiri kwamba tatu za kwanza zinaweza kupatikana kwa yeyote aliyekariri muhtasari wa kitabu bila kukifungua kitabu chenyewe. Ni ya nne tu inayogusa kazi ya maneno, nayo aghalabu hujibiwa kwa kutaja tukio lililotangulia, si kwa kueleza maneno hayo yanageuza nini.

Matokeo yake huonekana vyuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika juu ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule za upili, anaweza kuchukua kauli ya Bwana Maksuudi ya kujinadi kwa wapigaji kura na kuitoa kama ushahidi wa msimamo wa mwandishi. Msemaji amemtaja sawasawa, msemewa amemtaja, na mahali hakukosea. Asichokiona ni kwamba kauli ya mtu anayeuahidi umma mema ilhali amewafungia mkewe na bintiye nyumbani haikuwekwa pale ili iaminiwe. Imewekwa ili imfichue aliyeitamka. Kinaya si pambo la kuorodheshwa chini ya "mbinu za lugha". Ni kazi ambayo kauli inafanya dhidi ya msemaji wake.

Jambo hili linashangaza zaidi ukizingatia kwamba jadi ya Kiswahili haikuwa maskini katika suala hili. Mishororo ya ubeti wa tarbia ina majina: mwanzo, mloto, mleo na kibwagizo. Mshororo unatambuliwa kwa nafasi na kwa shughuli yake katika ubeti. Kibwagizo kinachorudiwa hakirudi na maana ile ile, kwa kuwa kila ubeti umekibebesha mzigo mpya. Fanani anaposema "Paukwa!" na hadhira kujibu "Pakawa!", hapana habari iliyotolewa, ila mlango wa ngano umefunguliwa. Mtoto anayeitikia anaelewa kwamba kuna maneno ambayo hayasemi kitu bali yanafanya kitu. Shule inampokea akiwa na ujuzi huo, kisha inamfundisha kuusahau.

Utetezi wa wapinzani

Watetezi wa kanuni wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya idadi: watahiniwa wa KCSE walizidi 900,000 mwaka wa 2024, na usahihishaji wa haki unahitaji pointi zinazohesabika. Hoja hii ina nguvu, lakini inathibitisha haja ya mwongozo mmoja wa kusahihisha, haithibitishi kwamba mwongozo huo sharti ugawe alama tatu kwa majina na mahali. Msemaji na msemewa wanaweza kupewa alama moja kwa pamoja, mahali na tukio alama moja, na alama mbili zibaki kwa swali lenye uzito: kauli hii inabadilisha nini katika mtiririko wa matukio, au inafichua nini kuhusu aliyeitoa? Hizo nazo ni pointi zinazohesabika.

Hoja ya pili ni ya huruma: mwanafunzi dhaifu, katika darasa lenye msongamano, anahitaji gongo la kutembelea. Gongo ni jambo jema. Hata hivyo, majaribio ya kuondoa na kuhamisha ni rahisi kuliko orodha ya viunganishi, na hayahitaji kitabu cha ziada. Mwalimu anaweza kuandika kifungu ubaoni, akafuta sentensi moja, na kuuliza darasa: kimeharibika nini? Mwanafunzi ajizoeze kujibu kwa kitenzi: inapinga, inatayarisha, inakubali ili ipinge, inatilia shaka, inafafanua, inahitimisha. Palipo na majibu ya kuchagua, aseme jibu lake moyoni kabla ya kuyatazama yale ya mtahini, kisha alikatae jibu lolote linaloirudia sentensi kwa maneno mengine. Hizi nazo ni mbinu, lakini hakuna hata moja inayoweza kutumiwa na asiyesoma.

Hitimisho

Mtaala wa 8-4-4 unaelekea ukingoni na mitihani mipya inaingia. Kubadilisha jina la mtihani hakutoshi. Kanuni za kukariri zilihama kutoka mtaala hadi mtaala bila kudhurika, na zitahama tena endapo walimu wa ufahamu na wahakiki wa fasihi wataendelea kuliona suala hili kuwa la watahini peke yao.

Asiyeweza kutambua kazi ya sentensi atasomewa mkataba wa shamba na kusikia ahadi ya ukurasa wa kwanza bila kuona sharti linaloifuta katika ukurasa wa tatu. Atasikia nusu ya hotuba ikinukuliwa redioni na kuamini kwamba mnenaji alitetea jambo ambalo alilitaja ili alipinge. Huyo hakukosa msamiati wala sarufi. Alifundishwa kuurukia mstari, naye akafundishika.