Mwenye Lori na Aliyebebwa

FIKRA ZA JUMA
Na Athumani Msengi

Rungwa yetu iko mbali na mpaka wowote baina ya nchi hii na majirani zake wanane, na kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba kadhia ya wahamiaji haramu ni ya watu wa Namanga, wa Kigoma na wa Tunduma, wala sisi tuishio kandoni mwa pori la akiba haituhusu. Hali barabara itokayo Itigi hukutana hapa na ile itokayo Tabora kwa njia ya Ipole, zikawa moja kuelekea Makongolosi, Chunya na Mbeya, na kutoka Mbeya mtu hufika upesi Kasumulu au Tunduma. Na dalali wa watu aghalabu huipenda njia ndefu yenye vijiji haba kuliko njia fupi yenye vizuizi vingi.

Wengi wa wanaobebwa hivyo ni vijana wa kusini mwa Ethiopia, ambao jamaa zao huuza mifugo na kukopa ili mtoto afike Afrika Kusini akatafute riziki. Huingia Kenya kwa Moyale, kisha hupokezanwa mkono kwa mkono hata wakaingia kwetu kwa njia za panya, na kila awapokeaye hudai fedha juu ya fedha. Mwezi wa Juni 2012, katika kijiji cha Chitego, wilayani Kongwa, walikutwa zaidi ya 40 wamekufa porini, waliokosa hewa ndani ya lori wakatupwa humo pamoja na wenzao waliokuwa hai lakini taabani. Machi 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, wengine 64 walikutwa maiti ndani ya kontena. Nayaandika haya kwa simanzi, kwa kuwa tijara iliyowaua wa Chitego ndiyo iliyowaua wa Tete, nasi tumo katikati ya njia yake.

Sikatai kwamba dola ina haki, tena ni faradhi yake, kumjua kila aingiaye katika milki yake. Ninalolilaumu ni mahali inapoangukia adhabu. Asiye na hati hukamatwa, hukiri, hutozwa faini asiyoweza kuilipa, akaingia gerezani. Na Januari 2021, alipompokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwaachilia Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa kwetu kwa kosa hilo. Ilikuwa rehema, na tuishukuru. Lakini je, katika magereza hayo hayo walikuwamo madalali wangapi, na wenye malori wangapi? Tangu 2008 tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, nayo humhesabu aliyesafirishwa kwa hila kuwa ni mdhulumiwa wa kuhifadhiwa.

Wako wanaotaka msako mkubwa. Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013 katika Kagera, Kigoma na Geita ilikusudiwa kuwatoa majambazi, lakini ilipopita walikuwa wamefukuzwa pia watu waliozaliwa huku, wenye ndoa na mashamba huku. Nasi hatuko mbali na Tabora na Katavi, waliko maelfu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 150,000 kati yao, wao na watoto wao, wakapewa uraia kwa haki. Askari atawezaje kuwabagua hao kwa kuwatazama nyuso na kuwasikiliza lafudhi?

Kwa hiyo nawaomba maofisa wa Uhamiaji wa Mkoa wa Singida na waheshimiwa wa Halmashauri ya Itigi waje wazungumze na watendaji wa vijiji, walinzi wa pori, warina asali na vijana wa bodaboda, ambao ndio watakaomkuta mgeni aliyetupwa msituni kabla ya askari yeyote kufika. Wawaambie bayana kwamba aliyempa mtu huyo maji na uji, kisha akatoa habari, hatashitakiwa kwa kumficha. Na lori likikamatwa, upelelezi usikome kwa waliokuwamo ndani wala kwa dereva, ambaye mara nyingi ni kibarua tu. Aulizwe mwenye lori, aulizwe aliyelipa mafuta, aulizwe aliyepigiwa simu usiku ule, na majina yao yasomwe mahakamani Manyoni sisi sote tukisikia.