"Jitahidi" Peke Yake Haitoshi



Jioni moja kijana wetu wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka mazoezi ya karate, akautupa mkanda wake mweupe chini ya kitanda, akasema haendi tena. Wenzake watatu walikuwa wamefaulu mtihani wa mkanda wa njano. Yeye alikuwa ameshindwa kwa mara ya pili. Baba yake akasema kwa upole kwamba labda ada ile ingetufaa kununulia mahindi. Nasi tulikosa jibu. Kwa miezi sita tulikuwa tukimwambia neno moja tu kila alipotoka nyumbani: "Jitahidi, mwanangu."

Neno hilo ni zuri, lakini halimwonyeshi mtoto pa kuanzia. Wataalamu wawili, Edwin Locke na Gary Latham, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Waliona kwamba mtu mwenye lengo dhahiri, gumu kiasi, tena alilolikubali mwenyewe, kwa kawaida hufanya vizuri kuliko yule aliyeambiwa ajitahidi tu. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, alijifananisha na mpiga ngumi asiyepiga hewa. Ngumi yake ina mahali pa kufika.

Mikanda ni ngazi. Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliwapanga wanafunzi wake kwa madaraja, na karate ikafuata baadaye. Lakini kutoka mkanda mmoja hadi mwingine ni mbali kwa mtoto. Anahitaji vidato vidogo katikati.

Basi tulimwendea mwalimu wake, tukamwuliza: ni kitu gani kimoja kinachomwangusha? Akajibu bila kusita: teke la mbele. Mtoto alikuwa anaacha mguu uanguke badala ya kurudisha goti kwanza, ndiyo maana aliyumba.

Tukakubaliana na mtoto: kila jioni mateke kumi kwa kila mguu, goti lirudi, asiyumbe. Yeye akipiga pale uani, sisi tukichambua mlenda na kuhesabu. Juma la kwanza, kati ya mateke kumi, mazuri yalikuwa manne. Juma la pili sita. Juma la tatu tisa. Yote tuliyaandika katika daftari lake.

Mama, ukitaka kumsaidia mwanao, kumbuka haya:

Lengo liwe moja kwa wakati mmoja, na liweze kuhesabiwa.

Liwe mikononi mwake. "Kumshinda mtoto wa jirani" haliko mikononi mwake. Kurudisha goti liko.

Liwe na siku ya kulipima. Likimshinda, lipunguzeni pamoja, wala usimsimange.

Akiumia, apumzike. Daftari linaweza kungoja.

Subira tujifunze kwa jirani yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. Mwaka 2017 huko London akapata shaba ya dunia. Dhahabu ya dunia aliipata Tokyo mwaka 2025. Kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane! Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wetu alifaulu mtihani wa tatu, na baba yake ndiye aliyemfunga mkanda ule wa njano. Lakini furaha yetu ilianza kabla ya hapo, jioni ile alipokuja jikoni na daftari mkononi, akauliza: "Mama, leo tunahesabu nini?" Hakutaja wenzake hata mmoja.

Leo, mwanao akitoka kwenda mazoezini, usimwambie tu ajitahidi. Mwulize: "Leo unakwenda kurekebisha kitu gani kimoja?" Akirudi, mwulize kimefika wapi.

Tukutane mwezi ujao.