Plagi: tununue kwa namba, si kwa jina la gari

Mtu akisimama nusu saa katika duka la spea pale Shaurimoyo, Kariakoo, atajionea jinsi biashara ya plagi inavyokwenda. Mteja anafika na kusema, "Bosi, nipe plagi nne za Corolla." Muuzaji anamuuliza, "Za bei gani?" Mazungumzo yamekwisha. Injini haikutajwa, namba haikutajwa, na mzigo umeshafungwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo mlaji anapoanza kupoteza fedha zake. Bei ni jambo la kuulizwa mwisho.

Kwanza kabisa, plagi ya "Corolla" haipo. Corolla yenye injini ya 1NZ, ile ya cc 1500 iliyojaa barabarani kwetu, imeandikiwa na Toyota Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Corolla yenye injini ya 2ZR ya cc 1800 hutumia Denso SC20HR11, ambayo ni kitu kingine kabisa. Jina nyuma ya buti ni lile lile. Anayenunua kwa jina la gari anacheza bahati nasibu, na plagi yenye mkia mrefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugongana na pistoni.

Hizo herufi na namba si urembo. Chukua K16R-U11. K ni umbo: uzi wa milimita 14, mkia wa milimita 19, spana ya 16. R ni ukinzani wa ndani unaozuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya injini. Ile 11 ya mwisho ni upenyo wa cheche, yaani milimita 1.1. Na 16 ni kiwango cha joto, ambacho ndicho kinachowachanganya wauzaji na mafundi wengi.

Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi katika joto la kati ya nyuzi 450 na 800 na kitu hivi. Ikiwa baridi kuliko hapo, masizi hayaungui, yanajikusanya, na gari linaanza kumisi. Ikizidi sana, ncha inakuwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayoumia. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. 5 ya NGK ni sawa na 16 ya Denso, na 6 ni sawa na 20. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume, namba kubwa ni ya joto zaidi. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "hii imepanda namba, ni kali" hajui anachouza. Gari linaloshinda kwenye foleni ya Ubungo injini ikiunguruma bila mwendo halina haja ya plagi ya baridi kuliko ile ya kitabu.

Sasa tuje kwenye iridiamu, maana siku hizi ndiyo lugha ya soko. Plagi ya kawaida ya nikeli, kwa magari ya Japani, hubadilishwa baada ya kilometa 15,000 hadi 20,000. Ile ya maisha marefu hufika 100,000. Tuchukue hesabu ya mfano: kama ya maisha marefu inauzwa mara tatu ya bei ya nikeli na inakwenda mara tano, mwenye teksi asisite, anunue hiyo. Anaokoa pia ujira wa fundi na siku za gari kulala.

Lakini si kila iridiamu ni ya maisha marefu. Denso Iridium Power, yenye ncha nyembamba ya milimita 0.4, imetengenezwa kwa ajili ya kuwaka vizuri, na Denso wenyewe huko Japani wanashauri ibadilishwe karibu na kilometa 20,000 kama nikeli. Ya kufika 100,000 ni Iridium Tough, ambayo ina platinamu upande wa pili wa upenyo. NGK nao wana Iridium IX na Iridium MAX, tofauti ni hiyo hiyo. Dukani zote huitwa "iridiamu" na bei hazitofautiani sana. Mwenye gari la zamani lisilotembea sana anunue nikeli ya namba sahihi, aibadilishe kwa wakati. Hatapungukiwa na chochote.

Halafu kuna za bandia. Mwandishi wa safu hii ana Spacio ya 1NZ. Fundi alitumwa dukani, akarudi na "iridiamu" nne katika maboksi manne yanayofanana. Baada ya wiki mbili gari likaanza kumisi kwenye kila mlima. Tukalaumu koili, ikanunuliwa nyingine, gari likalala siku tatu. Plagi zilipotolewa na kufutwa, mbili zilikuwa zimeandikwa 5 na mbili 6, na ncha zenyewe zilikuwa nikeli iliyochongwa ikawa nyembamba. Koili ya zamani ilikuwa nzima. Hadi leo ipo kwenye droo.

Kwa hiyo usisome boksi peke yake, soma plagi yenyewe. Maandishi kwenye kauri yawe safi, yasifutike kwa kidole. Washa ya plagi halisi haichomoki kirahisi kwa mkono. Na fundi umeme akiwa na mita apime kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya kati: plagi yenye R itaonyesha ohm elfu chache, kwa kawaida karibu 5,000. Ikisoma sifuri, irudishe. Kipimo hicho ni cha sekunde kumi, na tunashangaa kwa nini maduka hayakifanyi mbele ya mteja.

Wapo watakaosema gari linawaka, basi yatosha. Haitoshi. Silinda inayomisi inamwaga petroli isiyoungua kwenye bomba la moshi, inayounguza masega yaliyomo humo. Mwenye gari anailipia petroli hiyo kila siku bila kuiona.

Tabia hii ina historia. Kabla ya mwaka 1984, Serikali ilipoanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea ilikuwa haichaguliwi. Fundi alifunga kilichopatikana, akapiga msasa ya zamani, safari ikaendelea. Ufundi huo uliokoa magari mengi na tunauheshimu. Leo plagi zimejaa rafu hadi darini, na bado tunanunua kama watu wa foleni.

Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963 na Tume ya Ushindani inaisimamia, lakini mlaji asiye na ushahidi hana kesi. Pendekezo letu ni dogo. Mnunuzi aende dukani na namba aliyoitoa kwenye kitabu cha gari, na aombe namba hiyo iandikwe kwenye risiti ya EFD badala ya neno "spea". Anayemtuma fundi adai vivyo hivyo, na plagi za zamani zirudi nyumbani ndani ya maboksi ya zile mpya. Muuzaji asiyetaka kuandika namba aachwe na plagi zake. Duka la pili haliko mbali.