Mocímboa da Praia na kumbukumbu za askari waliovuka Ruvuma

Wapo askari wastaafu wa Tanzania ambao vita vya maisha yao vilipiganwa Msumbiji. FRELIMO, iliyoanza mapambano ya silaha huko Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, ilitegemea kambi za Kongwa na Nachingwea. Na baada ya kifo cha Rais Samora Machel mwaka 1986, Dar es Salaam ilipeleka Zambezia wanajeshi wapatao 3,000 kupambana na RENAMO. Walirejea mwishoni mwa 1988. Wenzao waliofia Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara.

Kumbukumbu hizo zina mahali pa kusimuliwa. Za vita vya sasa, kusini mwa mto huohuo, hazijapata pa kusimuliwa.

Vita hivyo vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi viliposhambuliwa. Agosti 2020 mji ulitekwa, ukabaki mikononi mwa waasi karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Katika vita hivi Watanzania wamekuwemo pande zote mbili: wanajeshi waliotumwa chini ya kikosi cha SADC, SAMIM, kilichomaliza muda wake Julai 2024, na vijana waliovuka kwa siri kujiunga na kundi ambalo wenyeji huliita Al-Shabaab, ingawa si lile la Somalia. Oktoba 2020 kundi hilo lilivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Hapo ndipo penye ugumu. Mpiganaji wa mwaka 1987 akisimulia, wajukuu humsikiliza. Kijana aliyerudi kutoka misitu ya Cabo Delgado akisimulia, maneno yake huweza kuwa ushahidi dhidi yake. Akinyamaza, linapotea jibu la maswali yanayowagusa zaidi watu wa Mocímboa: nani alimshawishi, kwa ahadi gani na kwa njia ipi. Mashtaka peke yake hayatatoa majibu hayo.

Mji wenyewe umegawanywa na kumbukumbu. Kutambuliwa kuwa mpiganaji wa ukombozi huleta pensheni na heshima, na machoni pa Wamwani wengi, walionufaika zaidi ni Wamakonde wa nyanda za Mueda. Manung'uniko hayo ni ya zamani kuliko uasi. Septemba 2005, kufuatia uchaguzi wa meya uliozua ubishi, wafuasi wa FRELIMO na RENAMO walipambana mjini humo na watu wakauawa. Anayesema vita vya leo ni vya dini tupu amekwisha kuusahau mwaka huo.

Sasa serikali imewarudia wazee walewale. Kikosi cha wenyeji kijulikanacho kama Força Local, chenye wapiganaji wa zamani wa ukombozi waliochukua tena bunduki kulinda vijiji vyao, kilipewa msingi wa kisheria na bunge mwishoni mwa 2022. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 bunduki zilipotulia mwaka 1974, alikuwa na miaka 66 sheria hiyo ilipopitishwa. Wengine wanalinda pamoja na wana wao.