Mabao hayana mjomba, kura zinaye

Testi zimepita, usingizi umerudi, sasa tugombane kidogo kuhusu mpira.

Hapa bwenini kuna ugonjwa mmoja. Mtu akitaka kumaliza ubishi wa straika gani mkali, anataja idadi ya mabao halafu anakunja mikono. Meddie Kagere 22 msimu wa 2019/20, George Mpole 17 msimu wa 2021/22... basi, kesi imekwisha. Jamani, haijaisha! Msimu ule wa Kagere ligi ilikuwa na timu 20, kila timu mechi 38. Wa Mpole timu 16, mechi 30. Sasa gawanya. 22 kwa 38 ni 0.58. 17 kwa 30 ni 0.57. Mlima wote ule umebaki kichuguu. Na Kagere alikuwa Simba, mabingwa. Mpole alikuwa Geita Gold, timu iliyokuwa ndo kwanza imepanda daraja.

Mpole alimpita hata Fiston Mayele wa Yanga, aliyeishia 16. Geita wakamaliza nafasi ya 4. Ufungaji bora akapewa, maana mabao hayana mjomba, yanahesabika tu. Ila tuzo ya mchezaji bora, ile inayotegemea macho ya watu, ikaenda kwa Yannick Bangala wa Yanga.

Bangala simdharau hata kidogo. Alicheza beki, akacheza kiungo, na Yanga wakabeba ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. Lakini ubingwa si una kombe lake na medali zake? Tukiuhesabu tena kwenye tuzo ya mtu mmoja, tunamlipa bingwa mara mbili. Angalieni orodha: Clatous Chama 2019/20, Bangala 2021/22, Mayele 2022/23, Aziz Ki 2023/24. Wote wakali, sibishi. Na wote wametoka kwa bingwa wa msimu huo huo.

Wamarekani kwenye besiboli yao waliumwa ugonjwa huu miaka na miaka. Mrushaji wa mpira alikuwa anapimwa kwa mechi alizoshinda, utadhani anacheza peke yake. Mwaka 2010 Felix Hernandez wa Seattle alishinda 13, akapoteza 12. CC Sabathia wa Yankees alishinda 21. Lakini timu ya Hernandez ilikuwa kibonde, imepoteza mechi 101, na yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kwenye ligi yao kufungwa pointi. Waandishi wakapiga kura: 21 kati ya 28 wakamweka Hernandez namba moja, akabeba tuzo ya Cy Young. Na tunajua ni 21 kwa sababu kura zao huwekwa wazi.

Hicho ndicho ninachotaka hapa nyumbani. Kura zibandikwe, na vigezo vibandikwe kabla ligi haijaanza, sio baada ya sherehe.

Mtasema, "we mtu wa Sudi, tuzo zinakuhusu nini?" Zinanihusu sana. Kwetu mvuvi hapimwi kwa ukubwa wa chombo alichopanda, anapimwa kwa samaki alioshusha. Dogo anayepiga danadana pale ufukweni, timu ya Ligi Kuu ya mkoani kwake ni Namungo ya Ruangwa. Namungo walipanda 2019, na msimu wa kwanza tu wakashika nafasi ya 4. Sasa huyo dogo akifika pale akacheza kuliko wote nchini, tumwambie nini? Kwamba kwanza ahamie Kariakoo ndo tumwone? Jina la mchezaji bora linapandisha mshahara, linaleta mawakala, linafungua njia ya kwenda nje. Tukilifungia kwenye klabu mbili tatu, tunamwambia kijana wa Lindi au Geita kwamba jasho lake halina bei mpaka avae jezi ya mkubwa.

Wana Simba na Yanga najua mmeshanuna. Njooni kantini na hoja, ila mje na kikokotoo.

Naomba kuwasilisha.