Bahasha ya Harusi Ni Salamu ya Kwanza

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na Desemba, msimu wa harusi huwa umewadia, na walimu na wanafunzi wenye mwandiko mzuri hapa Nakuru na viunga vyake hawana raha. Jamaa huwaletea furushi la kadi na orodha ndefu ya majina, kisha huwaambia: "Wewe ndiwe uliyesoma, hebu tuandikie."

Kazi yenyewe huonekana ndogo, kumbe ni mtihani. Nani aandikwe "Bwana" na nani "Mzee"? Mke wa pili wa mjomba ataitwaje? Wengi hukata shauri kwa kuwabandika watu wote "Mr. and Mrs." wakidhani ndio uungwana. Saa sita ya usiku ikifika, mwandishi amechoka, wino umechuruzika, na wazee watatu wamekwisha kukosewa heshima.

Kwa maoni yangu, tatizo letu halitokani na mwandiko. Tumesahau tu kazi ya bahasha. Uingereza, ambako desturi hii ilitoka, bahasha huandikwa ili imwongoze tarishi hadi mlangoni. Kwetu sisi, barua huishia katika sanduku la posta, na kadi nyingi za harusi haziuoni hata mlango wa posta. Hubebwa na shangazi anayekwenda Molo, hukabidhiwa kondakta wa matatu ya Gilgil, ama hugawanywa nje ya kanisa baada ya ibada. Yule anayeibeba anamjua mwenyewe. Basi maandishi yale hayamwelekezi mtu njia, bali humjibu mpokeaji swali moja: wewe ni nani kwetu?

Mwaka 1960, wanazuoni Roger Brown na Albert Gilman walichunguza viwakilishi ambavyo watu wa Ulaya huvitumia wanaposemezana, wakaonyesha kwamba uteuzi wa neno moja dogo hufichua mamlaka na mshikamano uliopo baina ya wasemaji. Waama, mzee wa Njoro hahitaji kusoma makala yao. Akitazama bahasha mara moja tu, anajua kama ameheshimiwa au amehesabiwa.

Tutazame mifano. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Ukiandika "Kamau" peke yake, kadi ya babu yaweza kufunguliwa na mjukuu. Miongoni mwa Wakalenjin, Kibet ni mwanamume na Chebet ni mwanamke. Herufi chache zikipotoka, umemgeuza mtu jinsia. Neno "arap" nalo maana yake ni "mwana wa", na tangu jadi ni la mwanamume aliyepita jandoni, halifai kutanguliwa na "Bi." Isitoshe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaruhusu ndoa za wake wengi kwa wanaofuata mila na kwa Waislamu. Katika boma lenye wake wawili, bahasha moja ya "Bw. na Bi." huzua ugomvi ambao bwana arusi hatausikia kamwe.

Kiswahili kinatupa njia nyepesi. "Bi." haliulizi kama mwanamke ameolewa au la. "Mwalimu", "Mzee", "Shangazi", "Mama Fulani", "Baba Fulani", yote haya ni majina ya heshima kamili, wala hayahitaji kutafsiriwa ndipo yapendeze.

Nilijifunza hayo nyumbani. Tulipokuwa tukiandika kadi za harusi ya binti wa dada yangu, kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia aliandika juu ya bahasha moja: "Jirani, Kaptembwa." Hakulijua jina la mtu huyo, na wala hakuwa na kosa, kwani alikuwa mtoto mchanga mwishoni mwa Januari 2008, mtaa ule ulipokuwa ukiwaka moto. Mzee huyo, ambaye si wa kabila letu, ndiye aliyemficha dada yangu na wanawe siku mbili nyumbani kwake. Dada aliichukua bahasha ile, akaichana polepole, akaomba nyingine na kalamu. Akaandika kwa mkono wake: "Baba Chebet, ndugu yetu."

Siku ya harusi mzee alikuja. Kadi yenyewe aliiacha mezani, lakini bahasha alirudi nayo nyumbani, mfukoni mwa koti.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, ukipewa kazi hii usiingiwe na hofu. Kwanza, usishike kalamu kabla ya kuketi na mama au bibi mwenye hafla, akusomee orodha kwa sauti. Andika vile anavyowaita watu hao, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyojijua. Pili, hakiki tahajia ya kila jina, hasa majina ya jamii isiyo yako. Tatu, wataje wote unaowaalika. "Na jamaa" huacha mashaka, maana mmoja atakuja peke yake na mwingine atakuja na watu kumi. Nne, andika bahasha thelathini kwa siku, kwa wino mweusi, ukiwatanguliza wazee mkono ungali na nguvu. Weka akiba ya bahasha chache, kwani kukosea ni ada ya binadamu.

Siku hizi mialiko mingi hutumwa kwa simu, kadi moja kwa watu mia mbili, bila ya jina la yeyote. Silaumu, maana gharama ni nzito. Lakini hata huko, kutanguliza maneno mawili, "Mwalimu wangu" au "Mama Wambui", hakugharimu kitu.

Nanyi walimu wenzangu, tunawafunza wanafunzi kuandika mwaliko kama insha ya kiuamilifu, tukasahihisha tarehe, mahali na saa. Tuwafunze pia kuandika juu ya bahasha. Katika Bonde la Ufa, ambako majirani waliwahi kugeuziana visogo kwa sababu ya majina yao, kijana anayejua kuliandika jina la jirani yake kwa usahihi na kwa heshima amejifunza zaidi ya sarufi.